Majivu Hayalishi Mchicha

"Mtaalamu, mchicha wangu umekuwa wa njano, nimwagie majivu kiasi gani?" Nimeulizwa Mbagala, nimeulizwa Tegeta, na wiki hii ameniuliza tena dada mmoja aliyeanza bustani yake ya kwanza nyuma ya jiko. Alikuwa ameshamwaga ndoo nzima.

Usimwage hata kijiko. Kuni zinapoungua, naitrojeni, ambayo ndiyo chakula kikuu cha mboga za majani, huondoka na moshi. Jivu linalobaki lina potasiamu na chokaa. Mchicha una njaa ya naitrojeni, chokaa ya nini? Njaa hiyo huanzia kwenye majani ya chini, yale yaliyokomaa. Ukizidisha majivu, njano huhamia majani machanga ya juu, mishipa ikibaki kijani: chokaa imezidi, na madini ya chuma yamo udongoni lakini mizizi haiwezi kuyachukua. Mtu akiona njano hiyo mpya, anaongeza majivu!

Lushoto au Njombe, penye udongo wa tindikali, majivu kidogo yanasaidia. Huku pwani, kwenye viwanja vya mawe ya matumbawe, chokaa ipo tele tayari.

Wanaoniumiza zaidi ni wale wanaochanganya majivu na mbolea ya kuku "ili iwe kali". Ile harufu inayochoma pua ni amonia, yaani naitrojeni yenyewe inapaa. Umelipia kiroba cha mbolea, umekigawia upepo. Na jivu la jalalani, palipochomwa plastiki na betri, lisikaribie mboga kabisa.

Fanyeni hivi. Mahali penye jua lisilopungua saa sita kwa siku. Ndoo moja ya samadi iliyooza kwa kila mita ya mraba. Ya kuku ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Tuta moja linatosha kuanzia: mchicha, unaovunwa baada ya wiki tatu au nne, na matembele, ambayo mbegu yake ni kuomba vipande vya mashina kwa jirani. Huna uwanja? Jaza udongo kwenye viroba. Mwagilia asubuhi, tandaza nyasi kavu. Nyanya ziache msimu huu, mdudu kantangaze anamaliza hata za wazoefu.

Yule dada nimemwambia akwangue jivu lote la juu, na mbegu mpya azimwage kwenye tuta la pembeni ambalo halijaguswa.