Dola 137,000 kwa siku: hesabu ya Richmond iliyopotea katika kampeni za 2015

Tarehe 28 Julai 2015, Bahari Beach, Dar es Salaam, waziri mkuu wa zamani Edward Lowassa alikabidhiwa kadi ya Chadema, chama cha upinzani. Siku 16 kabla ya hapo chama tawala, CCM, kilikuwa kimemteua John Magufuli kuwa mgombea wake wa urais, na jina la Lowassa lilikuwa limekatwa mapema hata kabla ya orodha ya wagombea watano bora. Waandishi waliojaa ukumbini walikuwa na swali ambalo kila mtu nchini alilijua: vipi kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond?

Jibu lake, ambalo aliendelea kulitoa hadi siku za mwisho za kampeni, lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, kwamba yeye alitaka mkataba uvunjwe akazuiwa na mamlaka ya juu yake. Pili, kwamba mwenye ushahidi dhidi yake aende mahakamani, na asiye nao anyamaze.

Kwa mtu anayejitetea, hilo ni jibu halali kabisa. Hakuwahi kushtakiwa, na sheria inamhesabu mtu hana hatia mpaka mahakama iseme vinginevyo. Lakini ni jibu linalomhusu mtu. Mkataba wenyewe ulikuwa na bei, na katika miezi ile mitatu ya kelele bei hiyo haikupata nafasi jukwaani, si kwa Lowassa wala kwa waliomshambulia. Wananchi walihubiriwa nani fisadi na nani msafi. Nani alilipa, na kiasi gani, halikuwa swali la mkutano wa hadhara.

Turudi kwenye tarakimu. Mwaka 2006 ukame ulishusha maji katika bwawa la Mtera na mabwawa mengine, na nchi iliyotegemea umeme wa maji ikaingia kwenye mgawo mkali. Walioishi mijini wanaukumbuka: fundi wa kuchomelea anasubiri umeme urudi saa tano usiku ndipo aanze kazi ya mchana, mwenye mashine ya kusaga anafunga, mwenye saluni ananunua jenereta ndogo na kupandisha bei ili apate hela ya petroli. Katika hali hiyo, Juni 2006, shirika la umeme la taifa, Tanesco, lilisaini mkataba na Richmond Development Company, kampuni iliyojitambulisha kuwa ya Houston, Texas, ilete mitambo ya dharura ya gesi ya megawati 100.

Bei ilikuwa dola za Marekani 137,000 kwa siku. Msomaji aelewe vizuri malipo haya ni ya nini, kwa sababu hapa ndipo watu wengi walipoachwa nyuma. Si bei ya umeme uliotumika. Ni malipo ya mitambo kuwepo na kuwa tayari, iwashwe isiwashwe. Ni kama kukodi basi kwa siku nzima: ulijaze abiria au liegeshwe kituoni, mwenye basi anataka hela yake jioni. Gharama ya gesi ya kuendesha mitambo iko nje ya fungu hilo.

Zidisha sasa. Dola 137,000 kwa siku 365 ni dola 50,005,000 kwa mwaka. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, kwa hiyo ahadi kamili ilivuka kidogo dola milioni 100. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu milioni 34.4. Gawanya, na kila Mtanzania, mtoto mchanga akiwemo, alikuwa ameandikiwa karibu dola 2 na senti 90. Walio wengi katika hao hawakuwa na taa ya umeme nyumbani, na mgawo kwao haukubadilisha chochote. Walilipia, kupitia shirika la umma na kodi, bidhaa ambayo haikuwa imewafikia.

Richmond haikuleta mitambo kwa wakati. Kufikia Desemba 2006 mkataba ulihamishiwa kampuni nyingine, Dowans, kwa bei ileile. Mvua zikarudi, mabwawa yakajaa, na dharura iliyokuwa sababu ya kulipa bei ya dharura ikapungua. Malipo ya kila siku hayakupungua, kwa sababu hayakufungwa na kina cha maji Mtera.

Kwa shilingi, tarakimu iliyozoeleka midomoni mwa watu ni Sh152 milioni kwa siku. Inafaa kuiangalia kwa makini, maana inategemea dola imebadilishwa kwa bei gani. Sh152 milioni ni dola 137,000 kwa kiwango cha takriban Sh1,110 kwa dola. Kwa kiwango cha Sh1,250 inakuwa Sh171 milioni. Na dola ilipovuka Sh2,100 mwaka 2015, wakati Lowassa anazunguka nchi akiomba kura, malipo yaleyale yangekuwa zaidi ya Sh287 milioni kwa siku. Deni la dola linakua kwa shilingi hata kama hakuna aliyekopa senti moja zaidi. Ndiyo maana mwanasiasa anayetaja hasara kwa shilingi bila kutaja mwaka hajataja kitu kamili.

Yaliyofuata kisiasa yanajulikana, nami nitayapitia haraka. Bunge liliunda kamati teule chini ya Dk Harrison Mwakyembe, nayo ikasoma ripoti yake Februari 2008. Tarehe 7 Februari Lowassa alisimama bungeni, akalalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kusikilizwa, akatangaza kujiuzulu uwaziri mkuu. Mawaziri wawili waliopita katika wizara ya nishati, Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha, wakaondoka naye, na Rais Kikwete akavunja baraza zima.

Lakini bili haikujiuzulu. Agosti 2008 Tanesco ilivunja mkataba wa Dowans. Kampuni ikaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na Novemba 2010 ikapewa tuzo ya zaidi ya dola milioni 65. Tarakimu ya kwanza kusambaa nchini ilikuwa Sh185 bilioni, kisha serikali ikasema ni Sh94 bilioni. Kati ya tarakimu hizo mbili kuna tofauti ya Sh91 bilioni, na kwa siku kadhaa taifa lilikuwa likijadili deni ambalo nusu yake haikuwepo. Hata baada ya kusahihishwa, Sh94 bilioni za mwaka ule zilikuwa sawa na takriban Sh138 bilioni kwa bei ya dola ya wakati wa kampeni za 2015.

Weka hesabu hiyo kando ya kashfa nyingine mbili za enzi hiyohiyo. Fedha zilizochotwa Benki Kuu kwenye akaunti ya EPA mwaka 2005, kupitia kampuni 22, zilikuwa Sh133 bilioni. Fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, zilizolipuliwa bungeni Novemba 2014, miezi 11 tu kabla ya uchaguzi, zilizidi Sh300 bilioni. Kwa ukubwa wa fedha, Escrow peke yake ilizidi mara tatu tuzo ya Dowans ya Sh94 bilioni. Ilikuwa mbichi zaidi, na ilikuwa imemng'oa mwanasheria mkuu wa serikali na kuwaondoa mawaziri wawili. Hata hivyo kampeni za 2015 zilimezwa na Richmond, mkataba wa miaka tisa nyuma.

Sababu yake naiona hivi: Richmond ilikuwa na sura moja, na sura hiyo ilikuwa kwenye karatasi ya kura. EPA ilikuwa na kampuni 22, Escrow ilikuwa na orodha ndefu ya waliopokea. Kashfa yenye majina mengi haina mahali pa kurushia jiwe. Kashfa yenye jina moja inatosha kwenye bango.

Na ikishakuwa ya mtu mmoja, kila upande unapata unafuu. CCM ingeanza kuhesabu dola kwa siku, ingebidi ieleze mkataba ulipitaje serikalini mwake, nani alisaini, na kwa nini malipo yaliendelea kwa Dowans. Kumtaja Lowassa kuliondoa kazi hiyo. Chadema nayo ilikuwa imefungwa mikono na historia yake. Tarehe 15 Septemba 2007, viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, katibu mkuu wake Dk Willibrod Slaa alisoma majina 11 ya watu aliowaita mafisadi, na Lowassa alikuwamo. Miaka minane baadaye mtu huyohuyo ndiye mgombea wao. Jibu la mahakamani liliwafaa wote: chama kipya hakikulazimika kueleza kilichobadilika, na chama cha zamani hakikulazimika kufungua majalada.

Je, tuhuma hizo zilimgharimu Lowassa kura? Wengi husema zilimwangusha. Tarakimu zinaonya tusiseme kirahisi hivyo.

Magufuli alipata kura 8,882,935, asilimia 58.46. Lowassa alipata 6,072,848, asilimia 39.97. Pengo ni kura 2,810,087. Wawili hao kwa pamoja walizoa asilimia 98.4 ya kura halali. Sasa rudi mwaka 2010: Slaa wa Chadema alipata 2,271,941 na Profesa Lipumba wa CUF alipata 697,014, jumla 2,968,955. Wote wawili walijitoa mwaka 2015. Lipumba aliachia uenyekiti wa CUF mwanzoni mwa Agosti, Slaa akajitokeza mwanzoni mwa Septemba na kumshambulia Lowassa mbele ya kamera. Hebu tafakari: wagombea wawili waliovuna karibu kura milioni 3 za upinzani waliondoka kwa sababu ya mtu huyu, na kura za upinzani zikazidi maradufu. CCM iliongeza kura milioni 3.6, lakini asilimia yake ilishuka kutoka 62.83 hadi kiwango cha chini kuliko chochote ilichopata kwenye urais tangu vyama vingi virudi.

Ni kweli waliojitokeza waliongezeka sana, kutoka asilimia 42.84 hadi 67.31, na wimbi hilo liliwabeba wote. Yawezekana bila Richmond angepata zaidi. Lakini idadi ya kura haiwezi kututenganishia waliokataa mtuhumiwa na waliokipenda chama tawala au waliovutiwa na sifa ya Magufuli ya kusimamia barabara. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba tuhuma nzito ya ufisadi, iliyorudiwa kila siku kwa miezi mitatu, haikumzuia mtu kupata kura nyingi kuliko mgombea yeyote wa upinzani aliyemtangulia. Wala si yeye peke yake aliyesamehewa na wapiga kura. Andrew Chenge alijiuzulu uwaziri Aprili 2008 baada ya kubainika ana zaidi ya dola milioni moja katika akaunti ya kisiwani Jersey, na mwaka 2010 watu wa jimbo lake wakamrudisha bungeni.

Simlaumu mpiga kura kwa hilo. Mtu akiulizwa kuchagua kati ya neno la huyu na neno la yule, atachagua anayempenda. Angepewa tarakimu, angekuwa na kitu cha kupimia. Wapo watu 7,571,801 waliojiandikisha na hawakupiga kura siku ile, idadi inayozidi kura zote za Lowassa. Siwezi kuwasemea. Lakini kampeni iliyowaambia tu kwamba mmoja ni mwizi na mwingine ni mwongo haikuwapa sababu kubwa ya kupanga foleni.

Magufuli aliahidi mahakama maalumu ya mafisadi, na mwaka 2016 ikaanzishwa kama divisheni ya Mahakama Kuu, kwa mashauri ya kuanzia Sh1 bilioni. Kwa Sh152 milioni kwa siku, mkataba wa Richmond unafika kiwango hicho siku ya saba. Lowassa, aliyesema miezi yote ile kwamba wampeleke mahakamani, hakupelekwa. Tarehe 1 Machi 2019 alirudi CCM, akapokewa na Magufuli mwenyewe katika ofisi za chama hicho, Lumumba. Alifariki Februari 10, 2024, akiwa hajawahi kusomewa shtaka lolote la Richmond. Wale wa chama tawala waliosema ana hatia walikuwa na serikali, polisi na waendesha mashtaka mikononi mwao kwa miaka 16, na hiyo inapaswa kuhesabiwa dhidi yao pia.

Mkataba mwingine wa aina hii utakuja, wa umeme, wa bandari au wa gesi, na mgombea mwingine atasimama jukwaani akitaka apelekwe mahakamani. Msikilizeni, ni haki yake. Kisha muulizeni mambo manne, yeye na wanaomshutumu: mkataba unalipwa kiasi gani kwa siku, kwa fedha ya nchi gani, unavunjwaje na kwa gharama ipi, na sahihi za nani ziko chini yake. Muulizeni hayo kabla hamjamuuliza kama ana hatia, na msiondoke uwanjani bila tarakimu.