Bei ya kutu: mafundi wa bodi wa Kitengela na Kombi za zamani

Mwenye Kombi kuukuu yenye kitanda na jiko ndani akifika Kitengela kutafuta fundi wa bodi, swali lake la kwanza huwa bei, na jibu hulipata papo hapo. Gari bado limesimama juu ya magurudumu yake, zulia liko sakafuni, kabati za mbao zimefunika nusu ya bodi. Fundi hulizunguka, hugonga fenda kwa kifundo cha kidole, huinama chini ya mlango, kisha hutaja jumla. Mteja huomba apunguziwe, wanaelewana, nusu inatumwa kwa M-Pesa. Hasara nyingi za kazi hii, kwa mteja na kwa fundi, zinapandwa katika dakika hizo chache, kwa sababu kutu haikadiriki kwa nje.

Kitengela umekuwa mji wa magari kwa sababu za wazi. Uko kilomita kama 30 kusini mwa Nairobi kwenye barabara ya Namanga, ukishavuka Athi River na kuingia Kaunti ya Kajiado. Sheria ya maeneo maalum ya viwanda vya kuuza nje, EPZ, ilipopitishwa mwaka 1990 na viwanda vikajengwa Athi River, wafanyakazi walihamia upande huu, na matatu zikawafuata. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,117,840 katika kaunti nzima, na Kitengela ndipo msongamano unapoonekana kwa macho. Malori ya Tanzania hupita hapa, vani za watalii wa Amboseli hupita hapa, na viwanda vya chuma na mabati vya Athi River viko jirani. Kwa fundi wa bodi, wateja na malighafi viko barabara moja.

Hata ardhi humletea kazi. Hewa ya Kajiado ni kavu, na gari lililokaa huku huoza polepole kuliko lililokaa Mombasa na upepo wake wa chumvi. Lakini uwanda unaoanzia Athi River una udongo mweusi unaonata. Mvua ikinyesha, udongo huo hujaa kwenye matao ya magurudumu na nyuma ya fenda, na jua likirudi, sehemu ya nje hukauka huku ile iliyogandamana na bati ikibaki na unyevu kwa siku nyingi. Mafuriko ya masika ya 2024 yalifika hadi Athi River na Kitengela, na maji yakiingia ndani ya sili, ile mihimili mitupu iliyo chini ya milango, hayatoki yote. Gari linaoshwa, linapigwa polishi, linarudi barabarani, na kazi ya kutu inaendelea gizani.

Kusini zaidi kuna Magadi. Kampuni ya magadi ilianzishwa huko mwaka 1911, reli kutoka Konza kupitia Kajiado ikajengwa, na leo kiwanda kinaendeshwa na Tata Chemicals. Magari yanayoshinda ziwani huja na sifa mbaya kwa mafundi, na sifa hiyo ina msingi wa kikemia. Magadi yenyewe, kwa kuwa ni alikali, haili chuma kwa kasi. Inayokila ni chumvi ya kawaida iliyochanganyika nayo katika maji ya ziwa. Alikali kwa upande wake hushambulia zinki na alumini, maana yake hata bati lililopakwa zinki ili lisishike kutu laweza kupoteza ngozi yake, kisha chumvi ikamalizia kazi. Ndiyo maana gari lililozunguka ziwa lapaswa kuoshwa kwa maji baridi chini kabisa, siku hiyo hiyo, kabla vumbi jeupe halijapata umande.

Kombi ya Volkswagen ilianza kuundwa Ujerumani mwaka 1950. Nchini Kenya ilibeba abiria na watalii kwa miongo mingi kabla ya Hiace na Nissan kuiondoa sokoni. Baadhi zilifanywa nyumba ndogo za safari kwa paa la kuinuliwa, kitanda cha kukunjwa, sinki na jiko la gesi. Ya mwisho kabisa duniani ilitoka kiwandani Brazil Desemba 2013. Na kwa kuwa kanuni ya Kenya ya uagizaji hairuhusu mtumba uliozidi miaka 8, hakuna meli itakayoteremsha Kombi za mwaka 1972 pale Mombasa kuziba pengo. Zilizopo ndizo zilizopo. Kila inayouzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu inapunguza idadi, na kila inayotengenezwa vizuri inapanda thamani. Hesabu hiyo wamiliki wameanza kuielewa: wapo wanaozikodisha kwa harusi na picha, wapo wanaozipeleka kambini Amboseli, na wapo wanaolenga maonyesho ya Concours d'Elegance ya Nairobi, ambako waamuzi huchungulia hadi chini ya gari.

Kazi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu, maana hapo ndipo pesa zinapokwenda. Tuchukue sili moja. Rangi imevimba kidogo chini ya mlango wa mbele, malengelenge matatu au manne. Fundi mwenye bisibisi na nyundo ndogo hugonga, na pale ambapo bati zima hulia kwa sauti kali, bati lililooza hutoa sauti butu. Bisibisi hupenya. Akikwangua kwa brashi ya waya, malengelenge yale manne huwa tundu la urefu wa kiganja. Akilikata kwa grinda kutafuta chuma safi, hukuta kwamba sili ya ndani nayo imeliwa, na udongo mweusi umejaa humo kama keki. Akiutoa, pembe ya sehemu ya kuwekea jeki inabaki mkononi mwake. Hapo bei iliyotajwa asubuhi imeshakufa, ingawa hakuna aliyetamka hivyo.

Fundi anayejua kazi hawezi hata kuanza kukata kabla ya kufunga milango na kuchomelea vyuma vya kushikilia kati ya nguzo. Kombi haina chesisi inayojitegemea kama ya lori. Bodi ndiyo inayobeba uzito. Ukikata sili bila kuishikilia, gari hulegea katikati, na ukishachomelea bati jipya milango haifungi tena. Sehemu nyingine zinazooza zinajulikana: kona za chini za kioo cha mbele ambako raba huhifadhi maji, mfereji wa paa, matao ya magurudumu, na kibao cha betri nyuma karibu na injini, ambako tindikali ya betri husaidiana na kutu. Magari ya kambi yana ugonjwa wao wa ziada. Paa lililokatwa ili liinuke huvuja kwenye ukingo, sinki huvuja kwenye mpira wa bomba, na kabati huficha yote kwa miaka 20.

Bati si gharama kubwa. Bati bapa la futi 8 kwa 4, geji 20, lina unene wa kama milimita 0.9 na uzito wa kilo 21 hivi, na moja hutosha kukata sehemu kubwa ya sili za pande zote mbili. Gharama iko kwenye mikono na saa. Kipande lazima kikatwe, kikunjwe kifuate umbo la zamani, kishikizwe kwa nukta za weldingi zilizoachana, kiachwe kipoe, kisha nukta nyingine zijazwe katikati. Anayeharakisha, hasa kwa moto wa gesi unaosambaa, hupindisha bati, na baadaye hulazimika kuficha mawimbi kwa fila. Mashine ya mig yenye waya mwembamba huchoma eneo dogo, lakini inahitaji umeme usiokatika na mtungi wa gesi ya kaboni, na si kila gereji ya jua kali inaweza kuimudu. Weldingi ya kawaida ya vijiti, inayofaa mageti na fremu, hutoboa bati la aina hii.

Hapo ndipo tunarudi kwenye bei ya jumla iliyotajwa mapema. Fundi ameahidi kiasi fulani, amekuta kazi mara tatu ya aliyoiona, na malipo ya awali ameshanunulia vifaa. Ana njia mbili. Ampigie mteja simu, aambiwe kwamba anataka kumkamua, au achomelee kiraka juu ya bati bovu, apake fila, apige msasa, apulize praima na rangi. Siku ya kukabidhi, kazi ya pili inang'aa sawasawa na ambayo ingefanywa kwa miezi mitatu. Mteja analipa kwa furaha. Mvua za misimu miwili zikipita, malengelenge hurudi, safari hii makubwa zaidi, kwa sababu fila hunywa maji na kuyashikilia kwenye bati.

Sikubaliani na wanaosema mafundi wetu hawajui kazi. Ujuzi upo. Miji hii imelea watu wanaojenga bodi za mabasi kuanzia fremu tupu, kazi yenye kiwango chake rasmi cha KEBS, KS 372, na walionyoosha magari ya ajali yaliyokunjika katikati yakarudi barabarani yakiwa yamenyooka. Anayeweza hayo anaweza sili ya Kombi. Kinachomshinda ni namna anavyolipwa. Makubaliano ya jumla yanamwadhibu fundi mwaminifu na kumpa faida anayeficha, na soko la namna hiyo, likiachwa, huwafundisha hata waaminifu kuficha.

Kuna jambo la pili ambalo wenye magari ya zamani hawapendi kulisikia. Kitu adimu kabisa kwenye gereji ni nafasi. Ploti ya futi 50 kwa 100 haibebi magari mengi, na kodi yake hailali. Matatu iliyogongwa ubavuni ina mwenyewe anayepoteza mapato ya kila siku, ina dereva na utingo wasio na kazi, na ina ukaguzi wa kila mwaka wa NTSA unaoisubiri. Mwenye matatu hushinda gerejini hadi gari litoke. Mwenye Kombi huja Jumamosi.

"Fundi, tumefika wapi?"

"Tunasonga, mkubwa. Wiki ijayo tunapuliza."

Wiki ijayo hupita, kwa kuwa malipo ya Kombi yamemalizia matatu, na malipo ya matatu yatairudia Kombi yakipatikana. Sioni wizi hapo. Fundi asiye na mtaji hugharamia kazi moja kwa pesa za nyingine. Hustler Fund, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, ilianza kwa mikopo ya kati ya Sh500 na Sh50,000, na mkopo wa kiasi hicho hununua msasa na thina. Mashine ya mig, kompresa nzuri na chumba cha kupulizia rangi ni hesabu nyingine.

Bima nayo haisaidii. Malipo ya bima ndiyo yanayolisha gereji rasmi za Nairobi, lakini sera za kawaida za magari hulipia ajali na huacha nje uchakavu na kutu. Mwenye Kombi analipa kutoka mfukoni. Ndiyo sababu gereji kubwa hazimtafuti, naye hujikuta Kitengela, kwa fundi ambaye hana hati ya makadirio wala risiti yenye maelezo.

Afya ya mafundi ingeweza kujaza makala yake. Rangi za kisasa zinazochanganywa na hadina hutoa mvuke unaoumiza mapafu, na kitambaa kilichofungwa puani hakiuzuii hata kidogo. Barakoa yenye vichungi vya mvuke inapaswa kuwa kwenye orodha ya gharama za kila kazi, ikilipiwa na mteja kama anavyolipia praima.

Tiba ya bei haihitaji sheria mpya wala mtaji mkubwa. Kazi igawanywe mara mbili. Kwanza mteja alipie kufungua: kutoa kabati, zulia na vioo, kukwangua, kukata sehemu zilizooza, kupiga picha. Kazi hiyo iwe na bei yake kamili, na ilipwe hata kama mteja ataamua kuishia hapo na kuondoka na gari lake. Baada ya hapo ndipo makadirio ya pili yaandikwe, kipande kwa kipande, sili ya kushoto ya nje, sili ya kushoto ya ndani, kibao cha betri, kila kimoja na siku zake. Mteja alipe kipande kikishakamilika na kabla hakijafunikwa, akiwa amekiona kikiwa chuma kitupu. Picha ya simu inatosha kwa anayeishi Mombasa au Dubai. Gari likikaa gerejini kwa sababu mwenyewe amechelewesha malipo, alipie nafasi kwa wiki.

Mafundi wachache wenye vyeti vya NITA tayari huandika makadirio, na Taasisi ya Kiufundi ya Masai pale Kajiado iko mahali pazuri pa kuongeza somo la kukadiria na kuandika mkataba kwa wanafunzi wanaojifunza magari. Mwanafunzi anayetoka akijua kuchomelea bila kujua kutoza ataishia kwenye fila kama wengine.

Kwa upande wa mteja, kuna kipengele kimoja ningekidai kabla ya kutuma shilingi ya kwanza. Rangi ikikauka, sili zilizofungwa zijazwe nta ya kuzuia kutu kupitia matundu yake, wala yasitumike mafuta machafu ya injini ambayo huharibu raba na kudondokea udongo. Kisha asilimia 10 ya malipo ibaki mkononi mwa mwenye gari hadi mvua za Machi hadi Mei zipite, na siku ya kuilipa fundi na mteja wavue zulia pamoja, waingize bisibisi ileile chini ya mlango, na pesa zitumwe hapo hapo.