Usikimbilie kung'oa mibuni yako, ichunguze kwanza

MTU anaporejea nyumbani baada ya miaka mingi ya ukimbizi, kitu cha kwanza anachokagua ni mipaka ya shamba. Cha pili ni mibuni iliyobaki nyuma ya nyumba. Katika maeneo ya Muyinga, Ngozi na Kirundo nchini Burundi, si ajabu kuikuta imerefuka kama msitu, majani yamepukutika na buni ni za kuhesabu.

Hapo wengi huamua mambo mawili: ama kung'oa, ama kununua dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda katika soko la mpakani. Yote mawili yanaweza kuwa hasara. Dawa isiyo na lebo haina kipimo kinachojulikana. Inaua nyuki pamoja na nyigu wadogo wanaoshambulia mayai ya wadudu waharibifu, na mvua ikinyesha inateremka hadi kisimani.

Ndugu msomaji, mbuni ni kama mgonjwa: hauandikiwi dawa kabla ya kupimwa. Anza na majani. Geuza jani, ukiona unga wa rangi ya chungwa upande wa chini, hiyo ni kutu ya majani. Ugonjwa huo ulioonekana kisiwani Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, mwaka 1869, uliangamiza kahawa ya huko na wakulima wakahamia kwenye chai. Lakini kama majani ya zamani yana njano isiyo na unga, huenda udongo umechoka na mti una njaa.

Kisha tazama buni. Madoa meusi yaliyobonyea kwenye buni za kijani ni dalili ya chulebuni, ugonjwa uliogunduliwa Kenya mwaka 1922. Mwisho, inama uangalie shina. Tundu lenye vumbi la mbao ni kazi ya bungua.

Yupo pia mdudu mwenye umbo la ngao na madoa ya rangi ya chungwa na nyeupe, anayeitwa kimatira. Huyu hufyonza buni, na anahusishwa na kahawa kuwa na ladha ya kiazi kibichi, kasoro inayojulikana Burundi, Rwanda na mashariki mwa Congo. Punje moja tu yenye kasoro hiyo huharibu kikombe kizima, na kwa macho ni vigumu kuitambua. Mfanyabiashara anayenunua kahawa vijijini aelewe kwamba hasara yake huanzia shambani, si ghalani.

Tiba ya kwanza ni mkasi. Pogolea matawi yaliyokauka na yaliyosongamana ili mwanga na hewa vipite. Kimatira na kutu hupenda kichaka chenye giza na unyevu. Okota buni zilizodondoka na zilizobaki mtini baada ya mavuno, kisha uzifukie. Kimatira waokotwe kwa mkono asubuhi. Wakizidi, tumia dawa ya pareto, zao linalolimwa Rwanda kaskazini. Hata hivyo, pareto nayo huua nyuki na samaki, hivyo nyunyiza jioni, kwenye miti yenye wadudu tu, mbali na mto.

Kwa bungua, sugua sehemu ya chini ya shina kwa gunzi la mahindi ili kuondoa mayai. Ambaye ameshaingia, mchome kwa waya wa spoku ya baiskeli. Mti uliotobolewa sana ung'olewe na kuchomwa moto.

Mti wenye njaa upewe samadi iliyooza au mboji, kisha matandazo ya nyasi au majani ya migomba. Acha nafasi ya kiganja kati ya matandazo na shina, maana unyevu ukigusa gome huliozesha.

Na ule mbuni mzee uliorefuka? Kama mizizi ni mizima, ukate kwa mshazari sentimita 30 hivi kutoka ardhini, uache machipukizi mawili au matatu yenye nguvu. Utasubiri karibu miaka miwili kupata buni, lakini huo ni muda mfupi kuliko kuanza na mche. Kata kwa mafungu, mwaka huu sehemu na mwakani sehemu, ili nyumba isikose kipato.

Wanaovuka mipaka nao wana wajibu. Msibebe miche isiyokaguliwa wala kuni za mibuni iliyokauka. Mnyauko wa kahawa ulioonekana Uganda mwaka 1993 uliteketeza robusta nyingi, na vimelea vyake husafiri ndani ya mti uliokufa.

Aliyerudi nyumbani mikono mitupu hana sababu ya kung'oa mtaji uliomsubiri. Kesho asubuhi, kabla ya kushika jembe, geuza jani moja ulitazame.