Ufunguo Unaomfichua Mdukuzi

Ujumbe wa siri hulindwa kwa ufunguo, yaani mfuatano wa sifuri na moja unaojulikana na mtumaji na mpokeaji peke yao. Kazi ngumu ni kuufikisha ufunguo huo bila mtu wa tatu kuunakili njiani. Mwaka 1984 Charles Bennett wa kampuni ya IBM na Gilles Brassard wa Chuo Kikuu cha Montréal walipendekeza usafirishwe kwa fotoni, chembe za mwanga zinazotumwa mojamoja.

Kila fotoni hubeba tarakimu katika mwelekeo wa mtetemo wake: wima au mlalo kwa mpango wa kwanza, mshazari wa kulia au wa kushoto kwa mpango wa pili. Mtumaji huchagua mpango kwa kubahatisha. Mpokeaji naye hubahatisha wa kupimia. Kisha huambiana hadharani mipango waliyotumia, bila kutaja tarakimu zenyewe. Mipango ilipotofautiana, tarakimu hufutwa. Nusu hivi inayobaki ndiyo ufunguo ghafi.

Mdukuzi hana pa kupenya kimyakimya. Sheria za fizikia ya kwanta haziruhusu kunakili fotoni ambayo hali yake haijulikani, na kuipima kwa mpango usio wake huibadilisha. Akizidaka zote na kutuma nyingine badala yake, takriban robo ya tarakimu zilizobaki hazitalingana. Mtumaji na mpokeaji hulinganisha sehemu ya tarakimu hizo. Makosa yakizidi kiasi, ufunguo hutupwa kabla neno lolote la siri halijatumwa. Huu ndio uzuri mkubwa wa njia hii: ulinzi hautegemei hesabu ngumu ambayo kompyuta ya kesho huenda ikaikokotoa.

Kikwazo ni umbali, kwani mwanga hufifia ndani ya nyuzi za kioo. Ili kukikwepa, China ilirusha setilaiti ya Micius Agosti 2016, na mwaka uliofuata Beijing na Vienna zikazungumza kwa video iliyolindwa kwa funguo zilizopitia humo. Lakini setilaiti yenyewe ilizijua funguo hizo, hivyo ilibidi iaminiwe.

Vifaa navyo vina udhaifu. Mwaka 2010 watafiti walipofusha kwa leza vipokezi vya fotoni vilivyokuwa sokoni, wakaonyesha kwamba ufunguo ungeweza kuibwa bila makosa kuongezeka. Fizikia ilibaki salama. Kilichoshindwa ni kifaa. Tena kila upande lazima uwe na hakika unazungumza na nani, la sivyo mdukuzi atajifanya mpokeaji. Kwa hiyo wahusika huanza na siri fupi waliyokwisha kupeana kabla.