Nionyeshe kwa Kidole Kimoja

Mgonjwa akiingia zahanati na kusema, "Dokta, mkono unauma," nampa kazi moja kabla hajaketi sawasawa: anionyeshe kwa kidole kimoja ni wapi. Wengi hupapasa mkono mzima, kuanzia begani hadi kwenye kucha, kisha wananitazama kana kwamba mimi ndiye mgumu wa kuelewa. Nasubiri. Kidole kikishatua mahali, nauliza saa: unakusumbua usiku, asubuhi au ukiwa kazini? Na kazi yenyewe ni ipi? Kwa majibu hayo matatu, maumivu mengi ya kiganja na kifundo cha mkono hujitaja yenyewe, bila kipimo cha gharama.

Matembwe hatuna uhaba wa mikono inayouma. Huku tarafa ya Lupembe chai inachumwa, viazi vinachimbwa, mbao zinapasuliwa, ng'ombe wanakamuliwa alfajiri wakati maji hayashikiki kwa baridi, na vijana wa bodaboda wanapambana na utelezi wa barabara ya Njombe.

Nianze na usiku. Kuna mama mfugaji ambaye vidole vyake vya mkono wa kulia hufa ganzi saa nane za usiku. Anaamka, anakaa kitandani, anaukung'uta mkono kama mtu anayeshusha kipimajoto cha zamani, kisha ganzi inaachia. Nilipomwomba anionyeshe, aligusa kidole gumba, cha shahada, cha kati, akafika cha pete na kukipasua kwa ukucha katikati: upande huu una ganzi, upande ule mzima. Kidole cha mwisho hakikuwa na neno.

Hiyo nusu ya kidole cha pete ndiyo ushahidi. Kwenye kifundo, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa na kufunikwa juu na utando mgumu. Humo zinapita kano tisa za kukunja vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu, na mshipa huo hufika kwenye vidole vitatu na nusu tu. Kano zikivimba kwa kufinya na kuminya kila siku, mshipa unabanwa. Tukilala tunakunja kifundo bila kujua, na njia inazidi kuwa finyu. Kukamua ng'ombe asubuhi na jioni ni kufinya kwa kazi.

Si kazi peke yake, lakini. Wajawazito wa miezi ya mwisho hupata ganzi hii kwa sababu mwili unajaa maji, na wengi wao hupona wenyewe baada ya kujifungua. Kisukari huileta. Tezi ya shingo iliyolegea kazi huileta pia, na Nyanda za Juu Kusini tulijulikana miaka mingi kwa rovu kwa sababu ya upungufu wa madini joto, kwa hiyo shingo ya mgonjwa wa ganzi naitazama hata kama hakuja kwa ajili yake.

Tiba ya kwanza ni banzi laini la kuvaa usiku, kifundo kikiwa kimenyooka, kwa wiki kadhaa. Mama yule alishonewa la kitambaa na kipande cha mbao nyembamba. Kuchua kwa mafuta kunaburudisha, sikatai, ila hakufungui njia iliyobana. Na nyama iliyo chini ya kidole gumba ikianza kunywea, au vikombe vikianza kuponyoka, muda wa mabanzi umepita: hospitali ya mkoa Njombe, na huenda upasuaji mdogo wa kukata ule utando.

Ganzi ikiwa ya kidole cha mwisho na cha pete, mshipa mwingine ndio unaolalamika, ule unaopita nyuma ya kiwiko. Hapo natafuta na baka lisilohisi kuguswa mwilini, maana ukoma haujaisha Tanzania, na dawa zake hutolewa bure.

Sasa wachumaji wa chai. Anayetaka chai nzuri huchuma majani mawili na kichipukizi, na kila chumo ni kidole gumba kubana na kifundo kupinda kidogo, tena na tena hadi jioni, kilo zikingoja mizani. Hawa kidole chao hutua pembeni ya kifundo, upande wa kidole gumba. Nawaambia wafiche kidole gumba ndani ya ngumi, kisha wainamishe ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Mwenye tatizo huruka. Zile kano mbili zinazonyanyua na kutanua kidole gumba zimekwaruzana na ala yake hadi ikavimba. Fritz de Quervain, daktari wa upasuaji wa Uswisi, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1895, na jina lake limeung'ang'ania hadi leo.

Wazazi wapya huupata vilevile kwa kumnyanyua mtoto makwapani, vidole gumba vikiwa vimetanuka. Mwanangu, namwambia mama kijana, mtie kiganja chini ya makalio umwinue hivyo. Kukamua nguo nzito nako huzichosha kano hizohizo: mablanketi ya Juni yakamuliwe na watu wawili, au yaning'inizwe yajichuje.

Kwa mchumaji ushauri wa "pumzisha mkono" ni rahisi kuutoa ukiwa umeajiriwa kwa mwezi. Anayelipwa kwa kilo akipumzika, sufuria nayo inapumzika. Ninachoomba ni abadilishe mkono pale anapoweza, avae banzi la kidole gumba baada ya kazi, na dawa ya maumivu ya diklofenaki asiigeuze chakula. Ikimezwa bila mpango hutoboa tumbo na kuumiza figo, na usiku mtu analala akidhani amepona.

Kinachonichosha ni kila kitu kusingiziwa baridi. Njombe ni baridi, kweli, na viungo vibovu hukakamaa zaidi Julai. Lakini baridi yabisi haitokani na hewa. Ni kinga ya mwili inayoshambulia viungo vyake yenyewe. Mwenye baridi yabisi hunionyesha mikono yote miwili, na vifundo vya vidole vimevimba, na asubuhi hawezi kufunga kifungo cha shati mpaka saa nzima au zaidi ipite. Asiahirishe: zipo dawa za kuzuia vidole visipinde, na zinafaa zaidi zikianza mapema. Bibi ambaye ukakamavu wake unaachia ndani ya nusu saa, na maumivu yake yako kwenye shina la kidole gumba, viungo vyake vimelika kwa umri na jembe.

Mahali ambapo baridi ina kesi ya kujibu ni kwa wapasuaji mbao. Mtetemo wa msumeno wa mashine, miaka ikienda, huharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu, na asubuhi ya baridi vidole vinageuka vyeupe na kufa ganzi. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton wa Marekani aliyakuta mambo hayohayo kwa wachonga mawe wa Bedford, Indiana, waliotumia nyundo za upepo. Mikono ikae na joto, msumeno unolewe, sigara iachwe.

Kijana wa bodaboda akiteleza hutanguliza kiganja. Akija na maumivu kwenye kile kibonde kinachotokea chini ya kidole gumba ukikitanua, namtuma akapige picha, hata kama vidole vyote vinacheza. Kuna mfupa mdogo pale ambao damu huuingia kwa upande mmoja zaidi. Ukivunjika na kupuuzwa, kipande kimoja hufa. Picha ya kwanza inaweza isionyeshe ufa. Afungwe hogo hivyohivyo, picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14. Mafundi wetu wa kuunga mifupa hufunga kwa vibanzi vya mianzi, na wengine wana mkono mwepesi, ila vidole vikipoa, vikibadilika rangi na maumivu kuzidi, mafundo yafunguliwe saa hiyohiyo.

Wa haraka kuliko wote ni mwenye kisukari mwenye mchubuko mdogo mkononi. Madaktari wa Dar es Salaam walifuatilia wagonjwa wa namna hiyo kati ya 1998 na 2002: mkwaruzo au kuumwa na mdudu, uvimbe, usaha, na kwa baadhi vidole kukatwa au maisha kupotea. Mkono uliovimba na kupata joto, kwa mtu wa sukari, haulazwi nyumbani hata usiku mmoja.

Na ukifika kwa daktari, taja kazi yako, na uombe iandikwe kwenye faili tangu siku ya kwanza. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015, hushughulikia ajali na magonjwa yatokanayo na kazi kwa walioajiriwa, na huanza kwa kuuliza kazi gani na tangu lini. "Mkono unauma" haitoshi kujaza fomu ya Mfuko huo.