Mji mdogo, siri nzito!

Kama umezoea riwaya za kachero mwenye koti refu, bastola kiunoni na kisura pembeni, jiandae kushtuka. Humu bastola haina kazi. Cha kuogopa ni kikombe, kijiko na mkono laini wa mama kwenye paji la uso.

Kitabu ni Sharp Objects cha Gillian Flynn, Mmarekani mzaliwa wa Kansas City, Missouri. Kilitoka mwaka 2006, riwaya yake ya kwanza, na mwaka 2007 kikazoa tuzo mbili za waandishi wa hadithi za uhalifu wa Uingereza. Gone Girl, iliyompa jina kubwa, ilifuata 2012.

Stori iko hivi. Camille ni mwandishi wa gazeti huko Chicago. Mhariri wake anamtuma Wind Gap, mji wa kubuni kusini mwa Missouri, na ndiko alikozaliwa. Mtoto wa miaka 9, Ann, alinyongwa. Mwingine wa miaka 10, Natalie, hajulikani alipo. Haupiti muda Natalie anaonekana, maiti, amebanwa kwenye uchochoro mwembamba kati ya majengo mawili. Meno yameng'olewa. (Kama ulikuwa unakunywa chai, ndiyo imepoa hiyo.)

Mji huo unaishi kwa nguruwe, na mwenye nguruwe ni Adora, mama mzazi wa Camille. Nani atamuuliza maswali magumu? Watu wanamsaka mgeni, mpita njia, kichaa fulani, yeyote ilimradi si mwenzao. Umbea tele, ushahidi hakuna.

Mimi lakini sikushikwa na maiti. Nilishikwa na ile nyumba. Adora amezaa mabinti watatu. Camille hapendwi. Marian aliugua-ugua mpaka akafa angali mdogo. Amma, miaka 13, akiwa ndani ni malaika anayecheza na kinyumba cha wanasesere kilichonakili nyumba ya mama yake chumba kwa chumba. Akitoka nje ni moto wa kuotea mbali. Kwa Adora, kupendwa ni kuuguzwa. Camille tangu utotoni alikataa dawa za mama, na hilo hakusamehewa. Uchungu wake akaumalizia kwenye ngozi: amejichanja maneno mwilini, ndiyo maana havai mikono mifupi hata jua liwake vipi. Sehemu hizo ni nzito, msomaji. Kama jambo hilo lilikugusa wewe au wa kwenu, soma pole pole.

Mapenzi yake na mpelelezi aliyeletwa kutoka Kansas City, kusema kweli, yananiboa. Ruka, hutapungukiwa.

HBO waliitoa kama tamthiliya ya sehemu 8 mwaka 2018, Amy Adams akiwa Camille. Kali, ila anza na kitabu. Na utakapofika pale mtu anapokamatwa, ukashusha pumzi ukasema afadhali yamekwisha, hebu hesabu kurasa zilizobaki.