Kuni Hazitoi Floraidi

Safari hii wameuliza vijana wawili waliofunga ndoa mwaka jana. Wamejenga vyumba viwili na sebule upande wa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, wamehama Dar es Salaam na vyombo vyao kwenye Fuso, na sasa wanatarajia mtoto. Kisima kimechimbwa, pampu inavuta vizuri, maji ni maangavu na matamu. Majirani wamewatonya kwamba maji ya huku yana floraidi. Swali lao: "Dokta, tukiyachemsha, tuyaache yatokote dakika ngapi ili floraidi iishe?"

Hakuna dakika. Hakuna saa. Chemsheni mpaka mtungi wa gesi uishe, floraidi itabaki palepale, tena itakuwa imeongezeka kwa kila lita. Swali hili nimeulizwa na walimu, na wachungaji, na wauguzi ambao kwa kazi yao walipaswa kulijua jibu. Naomba leo tulimalize. (Na huo udokta ni heshima mnayonipa tu. Mimi ni mkemia wa maji, meno yana wenyewe.)

Floraidi katika maji ni chumvi iliyoyeyuka. Haina uhai, kwa hiyo haiuawi. Haigeuki mvuke kwa joto la jikoni, kwa hiyo haipandi na moshi wa sufuria. Kinachopanda ni maji peke yake. Mama yeyote aliyewahi kuzidisha chumvi kwenye mchuzi anajua kwamba akiuacha uendelee kuchemka, unazidi kuwa mkali. Basi hiyo ndiyo kemia yote, haina ziada. Chukua sufuria ya lita 5 za maji yenye miligramu 4 za floraidi kwa lita. Humo ndani kuna miligramu 20. Yakichemka mpaka lita moja ikapotea kwa mvuke, umebaki na lita 4 na miligramu zile zile 20, yaani 5 kwa kila lita. Umetumia gesi kujiongezea tatizo kwa robo nzima.

"Lakini mbona kunaganda kitu cheupe kwenye birika? Si ndiyo floraidi yenyewe inatoka?" Ndiyo hoja inayorushwa kila mara nikishasema hayo, na husemwa kwa sauti ya ushindi. Ule ukoko mweupe kwa sehemu kubwa ni chokaa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji. Hata ukiufunga kwenye karatasi ukaniletea, hautabadilisha namba ya floraidi iliyobaki kwenye maji unayokunywa kwa kiasi cha kumfariji mzazi. Ili floraidi yote ibaki kwenye birika, ni lazima maji yote yakauke, na hapo hamna cha kunywa. Mtu akikinga ule mvuke kwenye mrija uliopozwa na kunywa matone yake, huyo amefaulu, amepata maji yasiyo na floraidi. Akapige hesabu ya kuni kwanza kabla hajanipigia simu.

Imani hii najua ilikotoka. Kwa miaka mingi tumehimizwa kuchemsha maji kwa sababu ya kipindupindu na homa ya matumbo, na himizo hilo limeokoa watu wengi. Vijidudu hufa kwa moto. Taabu ni kwamba watu wamechukua dawa ya ugonjwa mmoja wakaipaka kila ugonjwa wa maji. Kwa mantiki hiyo hiyo wengine hutia klorini, wengine huanika chupa juani, wengine husaga mbegu za mlonge, wengine huyalaza maji kwenye chungu mpaka asubuhi. Klorini na jua vinaua vijidudu. Mlonge unatuliza tope. Chungu kinapoza. Hakuna hata kimoja katika hivyo kitakachowavusha katika jambo la floraidi, na chujio la kauri lile lenye mshumaa mweupe ndani halina msaada pia.

Imani ya kuchemsha ina madhara makubwa kuliko upotevu wa kuni, kwa sababu inampa mtu utulivu asiostahili. Mtu asiyefanya kitu anajua hajafanya kitu, huenda siku moja akatafuta suluhisho. Aliyechemsha analala usingizi.

Angalieni na chakula. Maharage na makande huku huchemka saa mbili tatu, na kila yakikaukia unaongeza maji. Kila lita uliyoongeza imekuja na floraidi yake, mvuke umeondoka, floraidi imebaki na maharage. Juu ya hapo anakuja mama mkwe na kipande cha magadi ili yaive haraka. Magadi mengi ya asili ya ukanda huu yana floraidi yake. Mnaongeza mzigo kwa kijiko. Maharage yaloweke usiku kucha, yatalainika bila magadi.

Sasa kuna utetezi mwingine, huu wa hawa vijana wenyewe: "Tumekaa miezi minane, meno yetu bado meupe." Ndugu zangu, meno yenu yataendelea kuwa meupe hata mkikaa Meru miaka arobaini. Rangi ile ya kahawia ambayo floraidi huyapa meno haibandikwi juu ya jino kama doa la chai. Inatokea wakati ganda la jino linaundwa ndani ya ufizi, kabla jino halijachomoza. Ninyi meno yenu yaliundwa Dar es Salaam, kazi imekwisha zamani. Anayehusika ni huyo aliye tumboni. Meno ya mbele ya ukubwani huanza kujenga ganda lake mtoto akiwa bado anabebwa mgongoni, na yaliyobaki huendelea mpaka karibu miaka minane. Yale ya mbele yanachomoza akiwa na umri wa miaka sita au saba, anapoanza darasa la kwanza, na hapo ndipo mtaona matokeo ya maji aliyokunywa miaka mitano iliyopita. Hakuna mkaa, mchanga wala ndimu itakayoisugua. Kwa hiyo kutumia meno yenu kama kipimo cha maji ni kumuuliza shahidi ambaye hakuwepo.

Na msidhani ni suala la urembo tu, la watoto kutaniwa wakienda shule za Dar. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na linaeleza kwamba maji yenye miligramu 3 hadi 6 yakinywewa kwa miaka yanaweza kuanza kugusa mifupa. Ya zaidi ya 10 ndiyo yanayopinda watu. Kwenye miteremko ya Mlima Meru kuna watu wazima waliokulia huko ambao magoti yao yanasimulia habari hiyo bila maabara. Kwetu Tanzania, katika miaka ya 1970, ilibidi maji ya vijijini yaruhusiwe hadi miligramu 8, kwa sababu kukaza kikomo kungefunga vyanzo vingi mno na watu wasiwe na pa kuchota. Leo kiwango cha taifa nacho ni 1.5. Kiwango kimeshuka, miamba haikushuka nacho. Mlima wa volkano unaachia floraidi kwenye maji kwa tabia yake, ndiyo maana wenzetu wa Naivasha na Nakuru kule Kenya wanaijua hadithi hii neno kwa neno.

Macho na ulimi havisaidii hapa. Floraidi haina rangi wala ladha kwa viwango hivi. Tena yale maji laini yanayotoa povu la sabuni upesi, ambayo wageni huyasifu, kwenye miamba yetu ndiyo ya kushuku zaidi, kwa kuwa yana kalsiamu kidogo, na kalsiamu ndiyo ambayo ingeikamata floraidi na kuituliza chini. Kisima kirefu zaidi hakimaanishi maji bora zaidi. Mara nyingi maji ya kina yamekaa na mwamba muda mrefu na yamebeba zaidi. Na majibu ya jirani ni ya jirani. Visima viwili vinavyoonana vinaweza kutofautiana mara kadhaa. Fundi aliyewachimbia akiwaambia "eneo hili liko salama", mwombeni karatasi ya maabara yenye tarehe.

Haya, la kufanya, na nitakwenda mbio kwa sababu nafasi nimeimalizia kwenye birika.

Pimeni. Chupa ya plastiki, isiwe ya glasi, isuuzwe mara tatu kwa maji hayo hayo ya kisima, ijazwe, iandikwe tarehe na mahali, ipelekwe maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto kiko jirani yenu kabisa, nendeni mkaulize. Mpime masika na mpime tena kiangazi.

Wakati mnasubiri majibu, kingeni mvua. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Bati la mita za mraba 60 likipata milimita 50 za mvua linawapa, ukiondoa yanayopotea, kama lita 2,400. Kwa kunywa na kupikia tu, lita 15 kwa siku zinawatosha, na kiangazi cha Juni hadi Oktoba ni siku 150 hivi, kwa hiyo tanki la lita 3,000 lililojaa mwishoni mwa Mei linawavusha. Wekeni gata zenye wavu, mvua ya kwanza imwageni, tanki lifunikwe mbu wasizae. Haya ndiyo ya kuchemsha, kwa sababu juu ya bati hupita ndege na mijusi: yakitokota dakika moja, zimeni. Mvua ikiwa haba, changanyeni. Nusu ya mvua na nusu ya kisima chenye miligramu 3 inawapa 1.5 hasa.

Chujio la mkaa wa mifupa linafanya kazi, mradi mjue ni mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa hewa kidogo kwenye nyuzi 400 hadi 500. Mkaa wa kupikia haufanyi chochote. Mifupa iliyochomwa kupita kiasi hugeuka myeupe na kupoteza nguvu, iliyochomwa pungufu hunukisha maji. Na mkaa mzuri nao huchoka kimyakimya: maji yanaendelea kutoka matamu yale yale huku floraidi inapita, kwa hiyo bila kupima tena baada ya miezi kadhaa hamna chujio, mna pambo. Yapo na machujio mengine, likiwemo lile la Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, lililoshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Hilo linatengenezwa kwa kufuata kilichomo kwenye maji ya mahali husika, maana yake muuzaji yeyote asiyewauliza kwanza majibu ya maabara anauza ndoo. Mashine za kusukuma maji kwenye utando zinaondoa floraidi vizuri, zinataka umeme na zinamwaga maji mengi. Shabu na chokaa: kipimo ni cha kila siku, na kwa floraidi nyingi hakifiki. Siwashauri.

Mtoto akizaliwa, anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake miezi sita. Maziwa ya mama hupitisha floraidi kidogo sana hata kama mama anakunywa maji mabaya. Maziwa ya kopo yakikorogwa na maji ya kisima ndiyo njia fupi kuliko zote ya kumlisha floraidi. Akianza uji, uji upikwe kwa maji ya mvua. Chai ya rangi asipewe, kwani majani ya chai nayo yana floraidi yake. Dawa ya meno akianza kupiga mswaki, iwe kiasi cha punje ya mchele, na afundishwe kutema.

Kisima chenu msikifukie. Kuoga, kufua, kudeki, havina shida, ngozi haipitishi floraidi ya kuhesabika. Mkinunua ng'ombe, namba ya maabara ikiwa kubwa, naye apewe maji mengine, hasa ndama, maana naye anaota meno.